Raha na tahadhari: Mapukutiko ya Japani

Katikati ya Septemba, majani kwenye milima ya Daisetsuzan, kisiwani Hokkaido, huanza kuiva wekundu. Rangi hiyo huteremka kuelekea kusini, mkoa hadi mkoa, mpaka inapofika Kyushu mwishoni mwa Novemba. Televisheni za Japani huitolea utabiri sawa na ule wa mvua, na watu hupanga safari zao kwa kuifuata. Wenye nafasi huenda Nikko au Kyoto. Wengine huridhika na bustani ya mtaani kwao, wakatandika mkeka chini ya mti na kufungua chakula walichofungasha nyumbani.

Siku zikifupika na usiku ukapoa, mti huacha kutengeneza klorofili, ambayo ndiyo inayolipa jani ukijani wake. Ukijani ukiondoka, unjano uliokuwamo siku zote hujitokeza. Wekundu wa miti ya mepo una asili nyingine: huo hutengenezwa upya kutokana na sukari inayobaki ndani ya jani, na hukolea mchana ukiwa wa jua na usiku ukiwa wa baridi. Ndiyo maana watu hawachoki kurudi palepale kila mwaka, kwa sababu rangi ya mwaka huu haiwi ile ya mwaka jana.

Chakula nacho kina majira yake. Mchele mpya huingia madukani, na mfuko huandikwa wazi kwamba ni mavuno ya mwaka huu. Makaki, matunda ya rangi ya chungwa yenye ukubwa wa nyanya, hujaa sokoni. Vigari vya viazi vitamu hupita mitaani polepole vikipiga wimbo kwenye kipaza sauti. Muuzaji hukitoa kiazi juu ya mawe ya moto, akakizungushia karatasi na kumpa mteja kikiwa bado kinafuka. Ukikivunja, ndani ni cha njano, laini, na utamu wake hauhitaji kuongezewa kitu.

Raha hizo pekee zingetosha kuandikiwa makala. Lakini kinachonigusa zaidi ni kwamba miezi hiyohiyo Wajapani wameijaza kampeni za kuelimisha umma, na hakuna anayeona kuwa zinamharibia starehe.

Huanza Septemba 1, Siku ya Kuzuia Maafa, iliyowekwa mwaka 1960 kukumbuka tetemeko la Kanto la mwaka 1923. Tetemeko lile lilipiga saa 5:58 asubuhi, majiko yakiwa yamewashwa kwa chakula cha mchana. Watu takriban 105,000 walikufa au kupotea, wengi wao kwa moto uliofuata. Leo siku hiyo watoto wa shule huingia chini ya madawati wakiwa wamevaa kofia nene za kitambaa zinazofunika kichwa hadi mabegani. Katika shule nyingi, kofia hiyo siku za kawaida ndiyo mto wa kukalia kwenye kiti cha mwanafunzi. Aliyebuni hivyo alifikiri sawasawa: kifaa cha kumwokoa mtoto hakijafungiwa stoo, kipo chini yake kila siku ya masomo.

Septemba 21 hadi 30 ni zamu ya usalama barabarani. Tarehe hizo zina sababu yake. Mwanzoni mwa Septemba jua la Tokyo huzama muda mfupi baada ya saa 12 jioni. Ifikapo mwisho wa Novemba limeshazama kabla ya saa 10 na nusu. Wajapani husema jua la majira haya huanguka kama ndoo kisimani. Giza linawakuta watu njiani wakitoka kazini na sokoni, na ndiyo saa ambayo watembea kwa miguu, hasa wazee, hugongwa wakivuka barabara. Basi askari na watu wa kujitolea husimama kwenye vivuko na bendera za njano, wakiwahimiza madereva kuwasha taa mapema na kuwagawia wazee vipande vya riflekta vya kubandika kwenye kisigino cha kiatu au kwenye fimbo. Maelezo wanayotoa ni mepesi: aliyevaa nguo nyeusi huonekana na dereva mwenye taa za chini kutoka takriban mita 26, aliyevaa riflekta, kutoka mita 57 au zaidi. Mwendo wa gari ukiwa wa kawaida, tofauti hiyo ndiyo uhai.

Mwaka 1970 ajali za barabarani Japani ziliua watu 16,765. Mwaka 2024 ziliua 2,663. Kampeni peke yake haikufanya hivyo. Zimo njia za waenda kwa miguu, mikanda, na sheria kali dhidi ya ulevi. Hata hivyo, sheria huheshimiwa zaidi pale watu walipoelezwa sababu yake mwaka baada ya mwaka. Magari mengi tunayoendesha Dar es Salaam yalianzia kwenye barabara hizohizo. Tumeyaagiza magari, tukaiacha riflekta ya kisigino.

Hata kaki lina tahadhari yake. Mwaka ambao njugu za msituni ni haba, dubu huteremka vijijini, hasa mikoa ya kaskazini kama Akita na Iwate, wakifuata makaki yaliyoachwa mitini. Halmashauri huwasihi wenyeji wayachume yote, hata yasiyoliwa. Mwaka wa fedha wa 2023 dubu walijeruhi au kuua watu zaidi ya 200.

Oktoba 27 huanza wiki mbili za usomaji, kampeni iliyoasisiwa mwaka 1947, nchi ikiwa bado kwenye vifusi vya vita. Novemba 9 huanza wiki ya kuzuia moto, hewa ikiwa imekauka na majiko ya kupashia joto yametolewa stoo. Tarehe yenyewe, mwezi wa 11 siku ya 9, inakumbusha 119, namba ya kuita zimamoto. Hata mtoto mdogo haisahau.

Huko ujumbe hutangulia hatari kwa siku chache, ukimtaka mtu afanye jambo dogo analoliweza. Kwetu mvua za vuli huanza Oktoba, na Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wake mapema, lakini elimu kwa wananchi mara nyingi huja maji yakishaingia ndani. Tope lililoshuka Katesh, wilayani Hanang, Desemba 3, 2023, liliua watu zaidi ya 80. Halmashauri zetu zichague wiki moja ya Septemba, ileile kila mwaka, na kila mtaa uambiwe mfereji upi uzibuliwe, watoto wapite wapi mto ukijaa, na nani apigiwe simu usiku. Nawe msomaji usiwasubiri: Jumamosi hii toka ukaukague mfereji ulio mbele ya nyumba yako.