Mhasibu Kwanza, Linux Baadaye

Mkuu wa TEHAMA akitaka kuiondoa ofisi kwenye programu za kulipia leseni, mara nyingi huanza na lile linalowafurahisha mafundi wake: anafuta Windows, anaweka Linux. Jumatatu asubuhi makarani wanakuta skrini ngeni, barua pepe ngeni na programu ngeni ya kuandikia, vyote kwa mpigo. Kabla wiki haijaisha ameshaitwa kwa mkurugenzi kujieleza.

Gendarmerie, jeshi la polisi la Ufaransa, lilianzia upande wa pili. Mwaka 2005 liliweka OpenOffice mahali pa Microsoft Office, na Windows likaiacha palepale ilipo. Zikafuata Firefox ya kuvinjari intaneti na Thunderbird ya barua pepe. Kuanzia 2008 ndipo likahamia Ubuntu, mojawapo ya aina za Linux. Askari aliyekabidhiwa kompyuta mpya alikuta humo programu zilezile alizokwisha kuzizoea. Leo makumi ya maelfu ya kompyuta za jeshi hilo zinaendeshwa hivyo.

Linux na programu hizo zilizochukua nafasi ya zile za kulipia ni programu huria: msimbo wake uko wazi, na yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzibadili na kuzigawa. Leseni hailipiwi, lakini kuhama kunalipiwa, na sehemu kubwa ya bili hiyo imejificha ndani ya nyaraka.

Chukua barua ya ukurasa mmoja iliyoandikwa kwa fonti ya Calibri. Ukiifungua kwenye LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010, sahihi ya mkurugenzi yaweza kujikuta ukurasa wa pili. Karani atailaumu programu, kumbe tatizo ni fonti: Calibri ni mali ya Microsoft, na Linux haiji nayo. Dawa yake ni Carlito, fonti ya bure ambayo herufi zake zina upana uleule. Violezo vya barua, fomu za likizo na hati za malipo navyo virekebishwe kabla ya siku ya kuhama. Jiji la Munich, Ujerumani, lilifikia hatua ya kujitengenezea programu yake, WollMux, kwa ajili ya violezo na fomu.

Halafu kuna mhasibu. Lahajedwali lake la mishahara lina makro, yaani amri zinazojiendesha, zilizoandikwa na mtu aliyekwisha kuacha kazi, na si kila makro ya Excel inakubali kufanya kazi kwenye LibreOffice. Ushauri wangu ni kumwacha na Excel yake hadi lahajedwali hilo liandikwe upya na kujaribiwa. Mradi unaweza kumvumilia mtu mmoja aliyebaki nyuma, ila mishahara ikichelewa hakuna atakayeutetea.

Munich yenyewe hutajwa kama ushahidi kwamba Linux haifai maofisini. Baraza la jiji liliamua kuhama mwaka 2003, ingawa Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft wakati huo, alikwenda mwenyewe kujaribu kulizuia. Kufikia 2013 kompyuta karibu 15,000 zilikuwa zimehama. Mwaka 2017 baraza likapiga kura kurudi Windows. Mimi naona humo siasa zaidi ya ufundi: Christian Ude, meya aliyeubeba mradi, aliondoka madarakani mwaka 2014, na malalamiko ya watumiaji yakapata masikio mapya.

Wajerumani wenyewe hawakukata tamaa. Mwaka 2024 jimbo la Schleswig-Holstein liliamua kuhamisha kompyuta zipatazo 30,000, likianza na LibreOffice. Kwetu nako msingi uliwekwa mapema: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, yenye menyu za Kiswahili, tangu 2004.

Kwa hiyo kama ofisi yako inafikiria kuhama, fundi wa Linux asubiri kidogo. Nenda masijala, uombe nyaraka zinazotumika kila siku, uzifungue kwenye LibreOffice mbele ya wale wanaoziandika.