Vitunguu vya Biriani: Kausha Kwanza, Rangi Itafuata

Siku ya shughuli Pemba, iwe Wete, Chake Chake au Mkoani, kazi ya mwanzo wanayogawiwa kina mama waliokuja kumsaidia mwenye shughuli ni vitunguu. Gunia linafunguliwa, visu na mabeseni vinatolewa, na kabla nyama haijatiwa chumvi vitunguu vimeshamenywa na kukatwa, vinasubiri karai. Utaratibu huo una maana. Biriani yetu hupikwa masala mbali na wali mbali, na kinachoyapa masala uzito, rangi na utamu wake ni vitunguu vilivyokaangwa hadi vikakauka, vikavunjwavunjwa kwa mkono na kuchanganywa na mtindi, tungule na bizari. Vikiwa vikavu, masala yanashikana. Vikiwa teketeke na vimelowa mafuta, masala yanateleza, mafuta yanaelea juu ya sinia, na mgeni anajua kwa tonge la kwanza.

Vitunguu vya namna hii si vyetu peke yetu. Wahindi wanaviita birista, Wairani piyaz dagh, Waindonesia wanavijua kwa jina la bawang goreng na huvinyunyiza karibu kila sahani. Wote wanapambana na tatizo lile lile, nalo ni maji.

Wapishi wengi wa nyumbani hukaanga kwa kutazama rangi. Vitunguu vikishakuwa vya kahawia wanaviopoa, wanaridhika, na robo saa baadaye wanakuta vimelegea na kushikamana kama uzi uliolowa. Lawama inaangukia kitunguu, mafuta, hata jiko. Lakini katika kila gramu 100 za kitunguu kibichi, karibu gramu 89 ni maji. Anayekaanga kilo 1 ana kazi ya kuyafukuza maji yanayokaribia vikombe vitatu na nusu, na asipoyamaliza, rangi yoyote atakayoipata haitamsaidia.

Rangi na ukavu ni mambo mawili, na kila moja lina joto lake. Kipande cha kitunguu kikiwa na maji, hakiwezi kupanda joto sana kupita nyuzi 100, hata mafuta yanayokizunguka yawe na nyuzi 170, kwa sababu joto lote linatumika kuyageuza maji kuwa mvuke. Yale mapovu unayoyaona karaini ni mvuke huo unaotoka ndani ya kitunguu. Mafuta yenyewe hayachemki. Sehemu ya kipande ikishakauka ndipo joto lake linapopanda, na ikifika karibu na nyuzi 140 sukari na protini za kitunguu zinaanza kuungana na kuzaa rangi ya kahawia na harufu ile inayofika hadi nyumba ya jirani. Mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard ndiye aliyeueleza muungano huo mwaka 1912, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Ndio huo huo unaoupa mkate ganda lake na kahawa rangi yake.

Sasa tazama linalotokea moto ukiwa mkali. Ngozi ya nje ya kipande inakauka upesi na kupata rangi, huku katikati bado kuna maji. Mpishi anaona kahawia, anaopoa. Lakini maji hayakai mahali pamoja: yaliyobaki katikati yanasambaa polepole kuelekea nje, yanalowesha ile ngozi iliyokuwa kavu, na kipande chote kinalegea. Mpemba yeyote aliyewahi kuanika karafuu analijua jambo hili. Karafuu iliyokauka juu tu, ikaharakishwa kutiwa guniani, inavunda kwa unyevu wake yenyewe, na ikifika kwenye kituo cha ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar linalonunua karafuu, inashushwa daraja au inarudishwa juani. Hakuna mkulima anayesema karafuu imekauka kwa sababu imebadilika rangi. Anaivunja kwa kucha kwanza. Kitunguu kinataka subira hiyo hiyo.

Kwa hiyo tuanze na kitunguu chenyewe. Sehemu kubwa ya vitunguu maji vinavyouzwa kisiwani hutoka Bara, kwenye maeneo kama Mang'ola karibu na Ziwa Eyasi, Singida na Ruaha Mbuyuni, vikavuka bahari vikiwa kwenye magunia ya neti. Vinafika vikiwa vya kila hali. Vitakavyokufaa ni vyekundu, vya ukubwa wa kati, vigumu ukivibonyeza, vyenye shingo nyembamba iliyokauka na maganda yanayochakarika. Vikubwa sana vina maji mengi zaidi, na vilivyoanza kuchipua ni laini na vina kiini kijani kinachoungua mapema. Kipindi cha masika, hewa ikiwa nzito kwa unyevu, usinunue vingi ukaviweka kwenye mfuko wa plastiki jikoni. Vitundike kwenye neti mahali penye upepo.

Kukata ndiko kunakoharibu vitunguu vya watu wengi, kuliko hata moto. Vipande vikiwa na unene tofauti, vyembamba vitaungua wakati vinene bado vinachemka, na hakuna ufundi wa karaini utakaoviokoa. Gawa kitunguu katikati kuanzia mzizi hadi shingo, toa ule mzizi mgumu, kisha kata vipande vyembamba vya milimita 2 au 3, vyote sawa. Kisu kiwe kikali. Kisu butu kinaponda badala ya kukata, maji yanamwagika kwenye kibao, na machozi yanazidi, kwa kuwa gesi inayoliza macho hutengenezwa pale seli za kitunguu zinapopasuka. Kitunguu kilichokaa kwenye friji nusu saa hakilizi sana.

Vikishakatwa, vichambue kwa vidole mpaka kila tabaka liachane na jenzake. Vilivyoshikamana hubaki vibichi katikati. Kisha vitandaze kwenye ungo au juu ya kitambaa safi, vipate upepo kwa nusu saa hivi. Wapo wanaotia chumvi ili itoe maji, na kweli chumvi hutoa maji. Lakini hapo ni lazima uvikamue na kuvifuta vizuri, na ukisahau chumvi ile utaionja kwenye biriani nzima. Mimi nashauri upepo tu. Kuna pia desturi ya kunyunyiza sukari kidogo ili rangi ije haraka, na hiyo siipendi hata kidogo. Sukari inaleta rangi kabla maji hayajaisha, yaani inamdanganya mpishi mahali pale pale anapokosea siku zote.

Mafuta yawe mengi, vitunguu vielee. Mafuta ya alizeti au mawese yaliyosafishwa kiwandani yanafaa. Mafuta ya nazi yaliyopikwa nyumbani yana harufu nzuri, lakini mara nyingi yana mabaki ya tui, hivyo huanza kutoa moshi mapema na kuacha masizi. Yachuje kwanza, na moto uwe wa wastani. Usiyachanganye na mafuta ya aina nyingine kwa kukaangia, maana mchanganyiko huo hutoa povu kwa wingi na unaweza kufurika karaini.

Hapa ndipo ningependa tutulie kidogo. Kuyageuza maji kuwa mvuke kunakula joto jingi mno. Maji gramu 100 tu, yakiondoka kwa mvuke, yanachukua joto la kutosha kushusha lita 1 ya mafuta kwa zaidi ya nyuzi 100. Moto wa chini unarudisha sehemu ya joto hilo, lakini moto wa mkaa au wa gesi nyumbani una kikomo. Ukimimina kilo nzima ya vitunguu kwenye mafuta lita 1, mafuta yanapoa papo hapo, vitunguu vinachemka ndani ya maji yao wenyewe, vinalainika, na vitakapokuja kupata rangi vitakuwa vimeshapondeka. Kaanga kidogo kidogo. Kwa lita 1 ya mafuta, viganja viwili vya vitunguu kila mara vinatosha. Inachukua muda, na ndiyo maana kwenye shughuli kubwa huwekwa makarai mawili matatu pamoja badala ya kujaza moja.

Pasha mafuta kiasi kwamba kipande kimoja ukikitia kinazungukwa na mapovu mara moja lakini hakirukiruki. Tia vitunguu, koroga taratibu ili visishikane, halafu punguza moto uwe wa wastani. Kuanzia hapo tumia masikio. Mwanzoni karai linapiga kelele, mapovu ni makubwa na yanakimbizana, kwani maji ni mengi. Kadiri maji yanavyoisha mapovu yanakuwa madogo na sauti inashuka. Kipindi hicho chote vitunguu bado ni vyeupe au vya manjano hafifu, na mpishi mwenye haraka hutamani kuongeza moto. Asiongeze. Sauti ikishatulia, maana yake maji yamekaribia kwisha, na sasa rangi itakuja mbio. Kazi iliyochukua dakika 10 au 12 inaweza kuharibika ndani ya nusu dakika. Usiondoke jikoni, koroga bila kusita.

Opoa vikiwa rangi ya dhahabu, kabla ya kahawia unayoitaka. Vina joto kubwa ndani yake na vitaendelea kuiva nje ya mafuta. Jambo la pili ni muhimu zaidi: vikitoka karaini, hata vilivyokauka sawasawa, vitakuwa laini kwenye kijiko. Sukari ya kitunguu ikiwa ya moto inalainika, ikipoa inakuwa ngumu na yenye kuvunjika. Anayesubiri vitunguu vikakamae ndani ya mafuta anasubiri vigeuke mkaa. Vyeusi ni vichungu, uchungu wake hauondoki hata utie mtindi kiasi gani, na kiafya pia si vyema: mwaka 2002 watafiti wa Sweden walitangaza kwamba vyakula vinavyokaangwa au kuokwa kwa joto kali hujenga kemikali iitwayo akrilamaidi, na kadiri chakula kinavyozidi kuwa cheusi ndivyo inavyoongezeka.

Vitandaze mara moja kwenye sinia lililotandikwa karatasi inayonyonya mafuta, tabaka moja jembamba, vikiachanishwa kwa uma. Usivirundike, na usivifunike na kawa wala mfuniko vikiwa vya moto. Mvuke uliobaki utagota juu, utageuka maji na kuvirudia. Vikipoa kabisa, vitie kwenye chupa au kopo linalofunga vizuri. Hewa ya kisiwa inavuta kila kitu kikavu kwenye unyevu, hasa miezi ya mvua, na sinia la vitunguu vilivyokauka vizuri likiachwa wazi usiku kucha asubuhi utakuta vimelegea. Vikishalegea, viwekwe kwenye oveni yenye moto mdogo au kikaangoni pasipo mafuta kwa dakika chache, kisha vipozwe tena. Kwenye chupa iliyofungwa vinakaa wiki nzima na zaidi bila wasiwasi, kwa hiyo vya Idi vinaweza kukaangwa siku kadhaa kabla.

Wapo wanaopenda vitunguu vya pete vilivyovikwa unga, hasa kwa futari, na watoto huvigombania. Hivyo vina kanuni nyingine, kwa sababu maji yake hayafukuzwi yote. Unga unatengeneza ganda na kitunguu kinaiva kwa mvuke ndani yake. Kata mviringo wenye unene wa sentimita 1, tenganisha pete, na kwenye kila pete bandua ule utando mwembamba wa ndani. Utando huo usipobanduliwa unga unateleza, na ukiuma kitunguu kinatoka chote na kuacha ganda mkononi. Futa pete zikauke, zipake unga mkavu, kisha zichovye kwenye uji mzito wa unga wa dengu uliochanganywa na unga wa mchele kiasi cha robo, chumvi, pilipili manga na maji baridi. Unga wa dengu na wa mchele hauvutiki kama wa ngano, na unga wa mchele hunyonya mafuta kidogo, ndiyo sababu ganda linatoka jepesi. Mafuta yawe moto zaidi kuliko ya vitunguu vya biriani, nyuzi 170 hadi 180, na dakika 2 au 3 zinatosha. Pete hizi haziwekwi. Maji yaliyo ndani yataanza kulilainisha ganda tangu zinapoopolewa, basi zikaange adhana ikikaribia na zipelekwe mezani zikiwa za moto.

Tahadhari moja kwa aina zote mbili: karai liwe kavu kabisa kabla ya kutia mafuta, na yakishika moto usiyamwagie maji kamwe. Zima jiko, lifunike karai kwa mfuniko au sinia la bati, uliache lipoe.

Mafuta yaliyobaki baada ya kukaangia vitunguu vya biriani usiyamwage. Yamebeba harufu yote. Yachuje yakipoa, toa vipande vilivyobaki chini maana ndivyo vinavyoyafanya yawe machungu, halafu vijiko vichache uvimiminie juu ya wali pamoja na zafarani kabla ya kuupalia. Mengine yapikie masala ya biriani hiyo hiyo. Yakizidi, yaweke kwenye chupa ndani ya friji na uyatumie kwenye pilau ndani ya siku chache. Lakini yakishakuwa meusi na mazito, au yakitoa moshi mara tu yanapopata joto, muda wake umekwisha.