Watu wa Makueni wanapogeuka sifuri ndani ya kompyuta

SENSA ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,136,187 katika Kaunti ya Kitui na 987,653 katika kaunti jirani ya Makueni. Mwanafunzi akigawa idadi ya Makueni kwa ile ya Kitui atapata takriban 0.87. Hifadhidata ya PostgreSQL, ikipewa nambari hizo hizo, hujibu 0.

Kompyuta haijaharibika. Katika SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata iliyobuniwa na watafiti wa kampuni ya IBM miaka ya 1970, kila nambari ina aina yake. Watu huhesabiwa kwa nambari kamili, zisizo na desimali. PostgreSQL ikigawa nambari kamili kwa nyingine, hutoa jibu lililo kamili pia, na sehemu inayosalia hutupwa.

Ubaya wa kosa hilo ni kwamba halipigi kelele. Tuseme wakati wa ukame Kitui imetengewa magunia 10,000 ya mahindi, na Makueni ipewe kwa uwiano wa watu wake. Inastahili magunia 8,693 hivi. Programu yenye dosari hiyo itaiandikia sifuri bila onyo lolote.

Ndiyo sababu waandishi wa programu hutumia maktaba kama SQLAlchemy, ya lugha ya Python, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2006. Humo nambari haichomekwi tupu ndani ya swali. Hufungwa katika umbo linaloitwa objekti, lenye kubeba thamani pamoja na aina yake, mithili ya gunia lililobandikwa lebo. Kwa kuisoma lebo hiyo, maktaba hujua la kufanya: tangu toleo la 2.0 la mwaka 2023, ikikuta nambari kamili zinagawanywa, huongeza agizo la kuigeuza ile ya pili kuwa ya desimali kabla swali halijafika kwenye hifadhidata. Jibu huwa 0.87.

Lebo hufaa kwingine pia. Msimbo wa Kitui ni 015 na wa Makueni 017, lakini hakuna anayeijumlisha misimbo; ikihifadhiwa kama nambari, sifuri ya mbele hupotea na orodha mbili hazioani tena.

Kisha kuna pengo. Vituo vitatu vya mvua vikipaswa kuleta vipimo, kimoja kikaandika milimita 30, cha pili 0, na cha tatu kisisomwe kabisa, wastani ni 15. SQL ina alama maalumu ya thamani isiyojulikana, na huiruka inapokokotoa wastani. Karani akijaza sifuri mahali pa pengo hilo, wastani hushuka hadi 10, na eneo huonekana kame kuliko vipimo vinavyoonyesha.