Viluwiluwi Darasani: Kuainisha Mbu kwa Macho na Mikono

Mwanafunzi akiambiwa akariri himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi na spishi, atakariri, na baada ya mtihani atasahau. Mpe beseni jeupe lenye maji ya dimbwi, lililofunikwa kwa chandarua, kisha muulize viluwiluwi wamekaaje. Wa Anopheles hulala sambamba na uso wa maji, kwa kuwa hawana mrija wa kupumulia; wa Culex na Aedes huning'inia kichwa chini.

Kila kundi na litunge maswali yake ya ndiyo au hapana kabla ya kuonyeshwa ya kitabuni. Je, mbu aliyetua ameinua tumbo? (Wapo watakaouliza kuhusu uchafu wa maji, swali hilo likataliwe, kwani ni sifa ya makazi, si ya kiumbe.)

Huu si mchezo wa watoto. Anopheles hueneza malaria, naye huuma zaidi usiku. Aedes aegypti hueneza dengi na huuma mchana, wakati chandarua kimekunjwa. Wengi husadiki kwamba mbu wa mapipani si wa malaria. Lakini Anopheles stephensi, mwenye asili ya Asia, aliyegunduliwa Djibouti mwaka 2012 na baadaye Ethiopia na Kenya, huzaliana katika matangi ya mijini. Kwa hiyo pipa halitoshi kumtambulisha mbu, wala mbu aliyeonekana uani hatoshi kuitambulisha homa: mgonjwa apimwe.

Maji ya somo yamwagwe kwenye ardhi kavu siku hiyohiyo.