Samaki Wanaelea Alfajiri? Kabla Hujakimbilia Dawa, Soma Hapa

Leo naomba tuache kidogo nyanya na vitunguu, tuingie bwawani. Nina kosa langu la kukiri.

Mwaka jana kipindi cha masika nilipigiwa simu saa kumi na mbili asubuhi. "Shikamoo bwana shamba. Samaki wangu wanakufa." Alikuwa kijana aliyechimba bwawa la udongo la mita 10 kwa 20 nyuma ya nyumba yao, akaweka vifaranga 2,000 vya sato. Mtaji ulikuwa akiba yake ya kuendesha bodaboda. Nilipofika, mamia walikuwa wanaelea, na waliobaki walikuwa juu ya maji wakitweta midomo wazi. Jirani alishasema wamewekewa sumu.

Haikuwa sumu. Maji yalikuwa kijani kibichi kama mchuzi wa kisamvu. Na hapo ndipo roho ikaniuma, maana wiki mbili kabla yeye ndiye aliyeniuliza kwa simu kwa nini samaki hawakui, nami nikamjibu haraka haraka, "Ongeza samadi, maji yawe kijani." Sikuuliza yana rangi gani tayari. Sikuuliza ana samaki wangapi.

Sasa tuelewane. Ule ukijani ni mwani. Mchana, jua likiwaka, mwani unatengeneza oksijeni na samaki wanapumua vizuri. Usiku mambo yanageuka: mwani wenyewe nao unatumia oksijeni, samaki wanatumia, na chakula na samadi vinavyooza chini vinatumia pia. Kwa hiyo oksijeni inakuwa chini kabisa karibu na mapambazuko. Siku mbili za mawingu zikifuatana, mchana haukuzalisha ya kutosha, basi alfajiri ya tatu ni msiba. Ndicho kilichotokea pale.

Asubuhi ile tulifanya mambo matatu. Tulisimamisha chakula na samadi. Tukafungulia maji mapya kutoka mtoni, yakidondoka toka juu ili yachanganyike na hewa, huku tukipunguza ya zamani kwa chini. Wengine tukashika ndoo, tunachota maji na kuyamwaga kwa nguvu humo humo. Ilipofika saa nne samaki walikuwa wameshashuka chini. Tulihesabu waliokufa: 640.

Tangu siku hiyo, mtu akiniambia samaki wanakufa, swali langu la kwanza ni: wanakufa saa ngapi, na tangu lini? Jibu linaonyesha njia.

Wanakufa alfajiri, na wengine wanatweta juu: fikiria oksijeni kwanza. Ingiza mkono majini taratibu, kiganja kimekunjwa kuelekea juu. Kiganja kikipotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, ukijani umezidi, usiongeze samadi hata kiganja kimoja. Ukifika kwenye kiwiko bado unakiona vizuri kabisa, maji yana njaa ya mbolea.

Wanakufa siku ya kwanza au ya pili baada ya kupandikizwa: angalia safari na maji. Ulimimina tu mfuko ukaondoka? Uache mfuko uelee bwawani kama dakika 20, kisha ongeza maji ya bwawa kidogo kidogo, halafu waache watoke wenyewe. Bwawa la saruji jipya nalo ni mtego, kwa sababu saruji inatoa chokaa majini. Lijaze, lilaze siku kadhaa, mwaga, rudia mara kadhaa kabla ya kuweka samaki. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi angalau siku nzima.

Hawafi, ila wamedumaa: sato huanza kuzaana wakiwa wadogo. Ukichanganya madume na majike, baada ya miezi michache bwawa linajaa watoto wanaogombea chakula kile kile. Nunua vifaranga vya dume tupu.

Wanapungua bila mizoga: hapo mwizi ana mabawa, ana mkia, au ana miguu miwili. Funika bwawa kwa wavu, fyeka kingo.

Na hesabu, jamani, hesabu! Bwawa lisilo na mashine ya hewa, samaki wawili mpaka watano kwa mita ya mraba wanatosha. Yeye aliweka kumi. Chakula nacho kipime: samaki 800 wenye wastani wa gramu 50 ni kilo 40. Asilimia 4 ya hapo ni kilo 1.6 kwa siku, ugawe asubuhi na jioni. Kikibaki kinaelea baada ya dakika 20, kesho punguza. Siku ya mawingu mazito, punguza pia.

Yule kijana hakuacha. Nilimwomba radhi mbele ya mama yake, tukawapunguza samaki waliobaki kwa kuchimba bwawa la pili, nami nilishika jembe. Sasa ana daftari: rangi ya maji, kiasi cha chakula, waliokufa, hali ya hewa. Anaamka saa kumi na moja na tochi.

Nami sitoi tena ushauri wa bwawa ambalo sijauliza maji yake yakoje. Wewe pia ukimpigia mtaalamu naye akakujibu kabla hajakuuliza chochote, mwambie asubiri kwanza.

Kila la heri shambani, na bwawani.