Machela za Kariokor na Msimu wa Pwani

Mgeni aliyejinyosha ndani ya machela huko Diani au Watamu, upepo wa kaskazi ukimpepea na mawimbi yakivuma mbele yake, ni nadra kuuliza kitu kile kimetoka wapi. Huenda akadhani kwamba kimefumwa na wavuvi wa papo hapo, wenye ujuzi wa nyavu. Pengine ni kweli. Lakini vitu vingi vya kamba na ngozi ambavyo wageni hununua pwani hutoka mbali na bahari, mwendo wa kilometa karibu 480, katika mitaa ya mashariki ya Nairobi; na baadhi ya mafundi wanaovitengeneza hawajapata hata mara moja kukanyaga mchanga wa ufuoni.

Soko linalojulikana zaidi kwa kazi hii ni lile la Kariokor, jirani na Ziwani na Starehe. Hapo msomaji ataona vyondo vimepangwa mpaka darini, viatu vya ngozi vyenye shanga, na kamba za mkonge zilizokunjwa kama nyoka waliolala. Jina la mahali lina uhusiano na machela kuliko watu wengi wanavyofahamu. Kariokor, kama Kariakoo ya Dar es Salaam, ni matamshi yetu ya jina la Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi waliochukua mizigo ya jeshi la Waingereza katika vita vya 1914 mpaka 1918. Pamoja na unga na risasi, walichukua majeruhi katika machela mabegani mwao. Makumi ya maelfu ya wapagazi hao hawakurudi makwao. Leo neno lile lile la machela hutumika hospitalini kwa mgonjwa, na pwani kwa mtu mzima asiye na shida yoyote ila kutaka usingizi wa mchana.

Mkonge wenyewe si mmea wa asili wa nchi hizi. Jina lake la Kiingereza, sisal, ni jina la bandari moja huko Yucatán, nchini Mexico. Mnamo 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, na vilivyofika Tanga vikiwa hai vilikuwa 62 tu. Kutokana na hivyo vichache yakatokea mashamba makubwa ya Tanganyika, ambayo mwaka 1964 yalitoa zaidi ya tani 200,000 za nyuzi. Kenya nayo ikapanda huko Thika, Taita na Vipingo, na katika Ukambani watu wakaufanya ua wa mashamba yao. La kupendeza ni kwamba watu wa Yucatán, kunakotoka mmea huu, ndio waliozoea kulala katika machela usiku kucha nyumbani mwao, kama sisi tulalavyo kitandani.

Kazi ya kufuma machela yataka nafasi zaidi ya fedha. Fundi ahitaji nguzo mbili imara, na katika mitaa yenye vyumba vidogo hilo si jambo dogo. Mwenye bahati ana mti uani. Asiye nao hufunga kamba zake kwenye mlango wa kibanda na kuwaomba radhi wapitao. Hutwaa kijiti kilichochongwa kwa kipimo kimoja, akafunga fundo baada ya fundo, na kila tundu la wavu likalingana na mwenziwe kwa sababu limepimwa kwa kijiti hicho. Akimaliza wavu, hukusanya nyuzi za kila ncha na kuzipitisha katika ubao wenye matundu, kisha akazifunga katika pete ya chuma. Hapo ndipo fundi mwema hutambulikana. Uzi mmoja ukiwa mfupi kuliko wenzake kwa inchi moja, uzito wote wa mlalaji utauangukia uzi huo. Utakatika, na wa pili utafuata. Mkonge pia hauna huruma. Unyuzi wake huchoma vidole, na mwanafunzi wa kazi hii hujulikana kwa vitambaa alivyofungia mikono.

Yafaa kueleza hapa jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Machela haitungikwi kwa kukazwa kama kamba ya kuanikia nguo. Ikikazwa, mtu hubingirishwa chini mara moja, na nguzo huvutwa kwa nguvu nyingi kupita kiasi. Yapasa iachwe ilegee kama mwezi mchanga, naye mlalaji alale mshazari, kichwa upande huu na miguu upande ule, ndipo mgongo wake utanyoka. Tena mkonge ukilowa hufupika na kukaza, na ukikaa na maji siku nyingi huoza. Ndiyo maana wazee wa pwani, katika vyombo vyao, walipendelea kamba za makumbi ya nazi, ambazo maji ya chumvi hayaziharibu upesi. Kamba za plastiki haziozi, lakini jua kali huzifanya dhaifu. Basi muuzaji mwaminifu humwambia mnunuzi aiingize machela yake ndani mvua inapokuja. Asiye mwaminifu hunyamaza, akitumaini kumwuzia nyingine mwaka ujao.

Msimu wa biashara hii huamuliwa na baridi ya nchi za mbali. Kuanzia Desemba mpaka Machi, wakati Ulaya imeshikwa na theluji, wageni huja pwani kutafuta jua. Mvua za masika zikianza, wengi huondoka, na hoteli nyingine hupunguza watumishi au hufunga kabisa. Kwa hiyo fundi wa Nairobi hufanya kazi mbele ya wakati. Mali ya Desemba yapasa kufumwa tangu Septemba, naye hununua nyuzi kwa fedha taslimu. Lakini mwenye duka la ufuoni mara nyingi hupokea kwa mali kauli, yaani atalipa akiisha kuuza. Hivyo fundi wa Kariokor ndiye anayemkopesha mfanyabiashara wa Diani, ingawa kwa kuwatazama wawili hao mtu angedhani kinyume chake.

Deni la namna hiyo ni jema mgeni anapokuja. Asipokuja, kodi ya chumba cha Eastlands haingoji. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 machafuko yalianza katika kilele cha msimu, na hoteli zikabaki tupu. Mnamo Mei 2014, kwa hofu ya mashambulio, kampuni za utalii za Uingereza ziliwarudisha wateja wao kutoka Mombasa kabla likizo zao hazijaisha. Kisha ikaja 2020. Tarehe 25 Machi ndege za abiria kutoka nchi za nje zilizuiwa, na mwezi wa Aprili Nairobi, Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, mtu asiingie wala kutoka, Kilifi na Kwale mpaka Juni, Nairobi na Mombasa mpaka Julai. Mteja na fundi wakawa kila mmoja nyuma ya kizuizi chake, na mali iliyokwisha kufumwa ikabaki dukani ikila vumbi.

Kilichowafaa wengi katika miaka hiyo hakikuwa machela, bali kiondo. Tangu tarehe 28 Agosti 2017, Kenya ilipokataza mifuko ya plastiki ya dukani, watu wa Nairobi wenyewe walihitaji kitu cha kubebea mboga. Akina mama wa Ukambani na Ukikuyu husuka kikapu, na mafundi wa Kariokor hukitia mikanda ya ngozi. Mnunuzi wake hasubiri theluji ya mtu mwingine. Faida ya kikapu kimoja ni ndogo, lakini hulipwa siku ile ile.

Hata hivyo machela haijaachwa. Wakenya nao, tangu reli mpya ilipofunguliwa mwaka 2017, wamezidi kwenda Mombasa wakati wa Krismasi, na wapo warudio na hamu ya kutungika machela katika bustani zao. Septemba ikifika, kamba huanza tena kunyoshwa kati ya nguzo. Jioni matita hufungwa kwa gunia, jina la mpokeaji likaandikwa kwa wino mzito, na mchukuzi wa mkokoteni akaitwa ayapeleke kwenye basi la usiku, huku fundi akitembea kando yake mpaka mizigo yake ihesabiwe na kupakiwa.