Sanduku la Spea: Je, Wajua Kinachoisimamisha Land Rover Kuukuu Njiani?

Injini ya petroli ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika huhitaji cheche 100 kila sekunde. Katika Land Rover za zamani, kila cheche huanzia mahali pamoja: ndani ya distributa, kwenye vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana kwa mwanya wa takriban milimita 0.4. Mafundi huviita platini. Seti nzima inaenea ndani ya kiberiti. Ikifa, gari la tani moja na nusu linasimama hapo hapo, iwe Mikumi au Marsabit.

Magari makuukuu hufa hivyo. Mara chache utasikia giaboksi limepasuka au injini imevunjika vipande. Kinachokata safari ni kitu kinachosuguana, kinachoungua, kinachokauka au kinacholegea kwa mtikisiko: mkanda, mpira, waya, washa. Bei yake ni ndogo, na kwenye vumbi la katikati ya safari hakinunuliki kwa bei yoyote.

Kwenye barabara zetu mwenye ujuzi hakosekani. Karibu kila senta yenye kioski cha soda ina kijana anayeweza kufungua injini akiwa amechuchumaa juu ya gunia. Asichonacho ni kipande cha gari lako, na mara nyingi hana hata spana ya saizi yake. Kwa hiyo sanduku la gari kuukuu lisipangwe kwa swali la "mimi najua kutengeneza nini?" Swali lake ni hili: fundi wa njiani atakosa nini?

Gari lililozaliwa na uhaba

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, na chuma kiligawiwa kwa kibali. Maurice Wilks na wenzake wa kampuni ya Rover wakatengeneza bodi kwa mchanganyiko wa alumini, na wakaliacha gari liwe jepesi kulifungua: paneli bapa, bolti nyingi, siri chache. Kizazi cha pili, Series II, kilikuja 1958. Series III ilidumu kuanzia 1971 hadi 1985, na mjukuu wao, Defender, alifungiwa pazia kiwandani Solihull mwezi Januari 2016.

Kaskazini mwa Tanzania gari hili bado lina heshima yake. Oktoba 2024 Arusha iliandaa tamasha la Land Rover lililokusanya mamia ya magari, na mengi yalifika kwa magurudumu yake yenyewe. Linaendelea kutembea kwa sababu mtu mwenye zana za mkono anaweza kulifungua karibu lote. Ila zana zenyewe zina historia yake.

Kwa nini spana ya 13 inaharibu nati

Fundi wa leo amezoea milimita: 10, 13, 17, 19. Land Rover za Series zimefungwa kwa inchi, tena si inchi za mfumo mmoja. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza kipimo kimoja cha meno ya bolti kwa nchi nzima, chenye pembe ya digrii 55. Kipimo hicho kilitawala kwa zaidi ya miaka mia moja. Vita vya Pili vya Dunia vilipoonyesha usumbufu wa bolti za Waingereza kutoingia kwenye mashine za Wamarekani, nchi hizo mbili pamoja na Kanada zilikubaliana meno ya pamoja ya digrii 60. Ilikuwa Novemba 1948, miezi michache tu baada ya Land Rover kuzaliwa. Ndiyo maana gari moja la miaka ya 1960 laweza kuwa na bolti za mfumo wa kale na za mfumo mpya chini ya boneti moja.

Sasa piga hesabu. Nusu inchi ni milimita 12.7. Spana ya 13 inaingia, na hapo ndipo penye hatari: mwanya wa milimita 0.3 unatosha kula kona za nati iliyoshikwa na kutu. Saizi ya 9/16 ni milimita 14.3; spana ya 14 haiingii, ya 15 inacheza. Bahati iko kwenye robo tatu ya inchi, milimita 19.05, ambayo spana ya 19 huishika vizuri. Spana ya kurekebishwa mdomo, au spana malaya kama inavyoitwa gereji, huingia kila mahali na kuharibu nati kila mahali. Ibebe, lakini iwe ya mwisho kushikwa. Seti ya spana za inchi, za ringi na za mdomo, kuanzia 7/16 hadi 3/4, ndiyo ya kwanza kuingia sandukuni. Fundi wa senta huenda ana spana nyingine zote isipokuwa hizo.

Cheche mia kwa sekunde

Platini zikigusana, umeme wa volti 12 hupita kwenye koili na kuifanya sumaku. Zikiachana, usumaku ule hutoweka ghafla, na kutoweka huko huzalisha maelfu ya volti katika waya mwembamba uliozungushwa kwa wingi ndani ya koili. Umeme huo ndio unaoruka kwenye plagi na kuwasha petroli. Mpango huu uliasisiwa na Mmarekani Charles Kettering karibu mwaka 1910, na magari mengi duniani yaliutumia kwa zaidi ya nusu karne.

Udhaifu wake uko wazi. Kila mguso hula chuma kidogo, na kisigino cha platini husagika taratibu hadi mwanya unaziba. Pembeni kuna kondensa, kikopo kidogo kinachomeza cheche isiyotakiwa ili platini zisiungue. Kondensa ikifa, injini hukohoa, hupiga mlipuko kwenye ekzosi, kisha hukataa kabisa. Beba platini, kondensa, rota ya distributa, koili moja na plagi mbili. Ongeza kipande cha msasa laini wa kusafishia platini na kitambaa kikavu, kwa maana baada ya kuvuka mto ugonjwa mara nyingi ni maji tu ndani ya kifuniko cha distributa.

Je, wajua kuwa kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76? Mwanya wa plagi za injini ya petroli ya Land Rover hizi ni kati ya 0.75 na 0.80. Geji ikipotea, ukingo wa kadi hiyo utakufikisha nyumbani.

Hapa pana kanuni inayosahaulika: spea mpya isikae sandukuni. Ifunge nyumbani, tembea nayo wiki kadhaa, kisha weka sandukuni ile ya zamani iliyotoka ikiwa bado nzima. Platini mpya ndani ya karatasi yake inaweza kuwa mbovu au ya gari lingine, na mahali pa kugundua hilo ni uani kwako. Iliyotolewa garini imekwisha kuthibitisha kwamba inaingia na kwamba inafanya kazi.

Mkanda mmoja, kazi tatu

Mbele ya injini, mkanda mmoja huzungusha feni, pampu ya maji na dinamo au alteneta. Umekatwa kwa umbo la V ili ubanwe na kuta za mfereji wa puli. Kadiri unavyovutwa, ndivyo unavyojibana zaidi. Mkanda uliochakaa hadi kugusa sakafu ya mfereji huteleza hata ukikazwa vipi. Fenibelti ikikatika, taa nyekundu ya chaji huwaka kwanza, kabla mshale wa joto haujapanda. Dereva anayeidharau taa hiyo akidhani ni shida ya betri tu ataiendesha injini hadi ichemke, na silinda hedi iliyopinda haitengenezeki kando ya barabara.

Kuubadilisha ni kazi ya spana mbili: legeza alteneta, visha mkanda mwingine, vuta, kaza. Ukibonyeza katikati kwa kidole gumba ushuke kama sentimita moja. Fundi yeyote atafanya hivyo kwa dakika chache, endapo utampa mkanda wenye urefu sahihi. Andika namba yake kwenye mfuniko wa sanduku.

Maji huchemka mapema milimani

Ufukweni Tanga maji huchemka kwenye nyuzi joto 100 za Selsiasi. Nairobi, mita 1,800 hivi juu ya bahari, huchemka karibu 94. Mfuniko wa rejeta upo kurekebisha jambo hilo: hubana mfumo kwa shinikizo, pauni 9 kwa kila inchi ya mraba katika nyingi za Land Rover hizi, na kupandisha kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 114 pwani na 110 Nairobi. Mpira mdogo ulio chini ya mfuniko ukikauka, nyuzi zote hizo, 14 pwani na 16 Nairobi, zinapotea. Watu hubadilisha pampu na kuzibua rejeta, kumbe kosa ni mfuniko.

Beba mfuniko wa pili, mpira wa juu na wa chini wa rejeta pamoja na klipu zake, na lita kumi za maji safi. Mpira ukipasuka na huna mwingine, funga juu yake mkanda wa tyubu ya zamani, zungusha waya wa kufungia, kisha acha mfuniko wa rejeta umelegea ili shinikizo lisipande. Nenda polepole, ukisimama kuangalia maji. Mfuniko usifunguliwe injini ikiwa ya moto: maji yaliyokuwa yametulia kwa shinikizo hugeuka mvuke papo hapo, usoni pa aliyefungua.

Dizeli inaogopa hewa

Mwenye injini ya dizeli hana platini wala koili. Adui yake ni kipovu cha hewa. Pampu ya injekta husukuma dizeli kwa sababu kimiminika hakibanwi. Hewa hubanwa, hivyo kipovu kikiingia pampu hubana kipovu na nozeli hainyunyizi kitu. Dawa ni kulegeza skrubu ya kutolea hewa kwenye filta, kupampu kwa mkono hadi dizeli itoke bila povu, kisha kukaza. Filta moja, spana mbili na washa chache za shaba zinatosha. Washa iliyokwisha kubanwa huwa ngumu na kuvuja, lakini shaba ikipashwa moto hadi iwe nyekundu kisha ikapozwa, hulainika tena.

Ekseli ikikatika, gari bado linatembea

Series zina sifa ya kukata shafti za ekseli ya nyuma. Hata hivyo uzito wa gari unabebwa na kasha la ekseli pamoja na beringi za habu. Shafti kazi yake ni kuzungusha tu. Ikikatika, tairi halitoki. Dereva hubonyeza kitasa cha njano, nguvu inaenda kwenye magurudumu ya mbele, na gari linasonga hadi penye kivuli. Pale bolti sita za habu hufunguliwa na shafti huvutwa nje. Kumbuka kwamba za kushoto na kulia hazilingani urefu. Anayebeba moja na abebe aliyoipima.

Hendeli ya kuwashia injini kwa mkono nayo isiachwe nyumbani. Betri ikifa, tundu la bampa la mbele linaipokea. Weka kidole gumba upande mmoja na vingine na uvute kwenda juu, maana injini ikirudi nyuma hendeli huvunja kidole kilichozunguka mpini.

Sabuni, tyubu na matawi

Baadhi ya spea bora hazikutengenezwa kwa ajili ya magari. Tangi la petroli likitobolewa na jiwe, sabuni ya mche inayokandamizwa kwenye tundu huziba kwa muda: petroli huyeyusha gundi nyingi na kulainisha mpira, ila sabuni haiyeyuki humo. Tyubu kuukuu hufunga mipira na kushikilia ekzosi iliyoanguka. Ubao mnene hukaa chini ya jeki kwenye tope. Pembetatu mbili zinazong'aa huonekana usiku. Matawi ya miti yaliyozoeleka barabarani kwetu hayaakisi taa, na yakiachwa huko huwa mtego kwa anayefuata.

Sanduku zima lisizidi uzito ambao mtu mmoja anaweza kuubeba. Giaboksi la akiba halina maana, wala pampu ya injekta: vitu hivyo vinahitaji gereji, na penye gereji kuna basi la kuagizia spea.

Mpira huzeeka hata bila kazi. Joto na hewa huukausha mkanda ulio sandukuni, gundi ya viraka huganda ndani ya tyubu yake, na betri za tochi huvuja. Siku gari linapofanyiwa sevisi, fungua na sanduku, pinda kila mpira, washa tochi, hesabu spana. Fundi wa njiani ataleta mikono yake. Yaliyobaki yatategemea ulichokikagua siku hiyo.